Waya Kwenye Bomba la Hewa

Simu ya Zuhra ililia mahali isipopaswa kulia.

Alikuwa kazini ndani ya chumba cha kupimia ubongo, kilichofunikwa shaba kuanzia kuta, dari hadi mlango, ili mawimbi ya simu na redio yasiingie kuvuruga mashine. Siku zote simu huiacha mapokezi. Leo aliisahau mfukoni. Kitandani alilala mtoto, kichwa kimejaa nyaya, mama yake amemshika mguu. Kwenye skrini mistari ilirukaruka kama dagaa wavuni, mfano wa ubongo wenye kifafa.

Chumba kilikuwa na bomba moja la chuma la kupitishia hewa. Zuhra akasogeza kabati lililolificha. Waya mwekundu ulitoka kwenye soketi, ukapenya bombani hadi nje, kwenye betri za taa za kuvulia dagaa zilizokuwa zikichajiwa.

Akauchomoa, akauvuta wote ndani. Mistari ikatulia.

Mwenye zahanati, ambaye ana mitumbwi yake ya uvuvi ufukweni Bangwe, akaingia mbio. "We Zuhra! Betri zangu!"

"Bosi, nilikwambia bombani humu ipite hewa tu! Ukipitisha waya, mawimbi yanaingia nao!"

"Si katundu tu? Mbona tangu mwaka jana hakijaharibika kitu?"

Mama akafungua pindo la kanga, akatoa vidonge vya kifafa ambavyo mwanawe aliandikiwa mwaka jana, baada ya kupimwa chumba hikihiki.

"Na hivi, vinavyomlaza darasani kila siku, vilikuwa vya nini?"

Bosi akamgeukia Zuhra.

"Usinitazame mimi," Zuhra alisema, akamtupia waya kifuani. "Umeulizwa wewe."