Sahihi Isiyoaminika

Feni ya kompyuta ilivuma gizani, kisha ikanyamaza. Stima ilikuwa imepotea Siakago yote, lakini betri ilitosha. Skrini ikaandika: mfumo huu hauna sahihi inayoaminika.

Mfumo wenyewe wa kuendesha kompyuta, niliojaribu kuuwasha kutoka kwenye flashi, ni wa bure, na maneno yake ya Kimbeere niliyatafsiri mimi kwenye darasa la jioni. Kesho nilikuwa niuonyeshe kwa mtihani.

Nikampigia fundi Mbarak, nikamsomea maandishi ya skrini.

"Zima huo ulinzi unaokataa mifumo ya nje, dada."

"Inataka nenosiri."

"Si uwaulize wafadhili waliokupa mashine?"

"Walifunga ofisi wakaenda kwao."

Akaguna. "Basi hapo hata mimi ni mtazamaji tu."

Binti yangu alikuwa anakwaruza kwa kucha stika ya wafadhili kwenye kifuniko cha kompyuta, polepole.

"Mama, ulisema ni yetu."