Gia Mbili za Ukoo

Benigna alikuwa amechuchumaa uani kwake, kijijini Kagoma, akifungua na kuondoa baadhi ya gia za mbele za baiskeli ya marehemu mumewe, maana cheni ilikuwa ikichomoka kila mlima wa kwenda shuleni anakofundisha. Shemeji yake aliingia bila hodi.

“Matanga yameisha. Ukoo umeamua hiyo baiskeli ni yangu.”

“Kaka yako alipougua uliogopa hata kushika kikombe chake. Baiskeli yake huiogopi?”

“Mwanamke na gia wapi na wapi, shemeji? Lete!” Akashika usukani.

Benigna alirudisha cheni kwenye gia ya katikati, akasimama. Gia mbili alizofungua alimbandika shemeji kifuani, grisi nyeusi ikaganda kwenye shati lake jeupe.

“Gia zilikuwa tatu. Hizo mbili za ukoo, mkagawane. Sasa toa mkono wako.”