Mstari wa Chaki

Aikande alisugua ukungu kwenye magogo ya ukuta kwa brashi ngumu na maji ya sabuni. Yalipokauka akayapaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa, na alipofika kwenye mstari wa chaki akasimama. Nusu yake ya nyumba iliishia hapo. Nusu ya pili ilikuwa ya Nsia, mdogo wake, na tangu wagawane nyumba ya baba yao, miaka miwili sasa, hawakuwa wakisemeshana.

"Gogo ni moja!" aliufokea ukuta. "Huku nasugua mpaka mikono inachubuka, kule mtu anafuga ukungu. Mchwa nao wanajua chaki?"

Kila akisafisha, kabla mwezi haujaisha ukungu unarudi kutokea kwa Nsia, unavuka mstari kama unaingia kwao.

Aligeuza brashi, akaligonga gogo kwa mpini asikie limeliwa hadi wapi. Ngo, ngo, ngo. Ndani lilikuwa tupu kama mzinga uliohamwa na nyuki, na mlio ukakimbia mpaka upande wa pili.

"Karibu!" Nsia aliitikia kutoka ndani, akidhani kuna mgeni mlangoni.

Aikande akashusha brashi. Sasa aseme nini? Kwamba hakubisha hodi, alikuwa anapima uozo?

"Karibu, nakuja!" Kiti kikaburutwa sakafuni.

Alibaki amesimama kwenye mstari, oili ikidondokea viatu vyake, huku komeo la mlango wa Nsia likivutwa.