Homa ya Siku ya Uchaguzi

Kura zilikuwa zimelingana, sawa bin sawa, na mji mzima wa Kettle Run ulikuwa umeshampata mwenye kosa: Lowell Brubaker, aliyeshinda sebuleni siku ya uchaguzi akimpima mtoto homa.

"Kura moja tu, bwana!" alifoka Royce Kreider, mgombea wa chama cha Wekundu, huku akimimina shira kwenye chapati zake za maji. "Ungeinua makalio yako kwenye kochi, saa hizi mimi ni meya."

"Nani kakwambia angekupa wewe?" alidakia Darlene Fenstermacher, mgombea wa Wabuluu, kutoka meza ya pili. "Mwangalie. Huyu hata usingizini ni mtu wangu."

Ilikuwa Jumamosi, kwenye kituo cha zimamoto, watu wamekuja kula chapati na kuchangia gari jipya. Lakini leo hakuna aliyefuata chapati. Sheria ya huko inasema wagombea wakifungana, majina yao hutiwa ndani ya kofia, moja likachomolewa. Kofia ya zimamoto ilikuwa tayari mezani, inang'aa.

Lowell aliinamia sahani yake. Yeye na mkewe Janelle hawakuwa na chama, na sababu walikuwa nayo. Pale darajani, binti yao Tessa anapovukia kwenda shule, malori ya maziwa hushuka kama yamelogwa. Mwaka jana moja liliondoka na begi la mtoto. Mtoto mwenyewe akabaki kwa rehema ya Mungu. Na taa ya kuongoza magari ilikuwa imeshanunuliwa! Wekundu walipotawala walichimba shimo la nguzo karibu na kinu cha kusagia nafaka cha mtu wao. Wakaja Wabuluu, wakalifukia, wakachimba lao mbele ya maktaba. Wakarudi Wekundu, wakalifukia nalo. Nguzo ilikuwa imelala majanini nyuma ya kituo, imeota kutu, ndege wametaga ndani.

"Tembo wanapigana," Lowell alizoea kusema, "na nyasi zenyewe ni binti yangu. Simpi mtu kura tena."

Hata hivyo, asubuhi ya uchaguzi moyo wake ulilegea. Alikuwa ameshavaa viatu Janelle alipoweka kiganja kwenye paji la mtoto wao mchanga.

"Baba Tessa, huyu kama ana homa. Baki naye, mimi nitakwenda."

Mtoto alikuwa anacheka, amejitia kidole cha mguu mdomoni. Lakini Lowell ni mtu wa kumsikiliza mkewe, akavua viatu. Jioni Janelle alirudi anaimba.

Msimu ule wote wa kampeni Janelle alikuwa na starehe zake ndogo. Kila jioni alimtia mtoto kwenye kigari chake, akapita mtaa kwa mtaa mbele ya bustani zilizosimikwa mabango mekundu na ya buluu, akisalimiana na kila mtu. Aliyehamia karibuni alipelekewa pai ya tufaha, akaulizwa habari za alikotoka. Kisha aliingia kwa Ione, mwenye duka la kufulia nguo, ambako wanawake wasio na chama walikusanyika kushona. Akirudi nyumbani alikaa na blanketi lake la viraka: kimoja chekundu, kimoja cha buluu.

"Mbona leo umeshona vyekundu vitupu?" Lowell alimuuliza siku moja.

"Tulia, mume wangu. Mwisho vitalingana."

Sasa pale kituoni Janelle alisimama, mtoto begani.

"Jamani, kabla ya kofia, mama ana swali. Ile taa. Mtaiweka wapi?"

Kreider alifungua mdomo aseme kinuni, akaona nyuso zilivyomgeukia. Wasio na chama walikuwa wengi kuliko alivyodhani. Na kura moja, Mungu wangu, kura moja!

"Darajani," akasema. "Siku yangu ya kwanza."

"Mimi saa yangu ya kwanza!" akaruka Fenstermacher.

"Na atakayeshindwa?" Janelle akauliza kwa upole. "Atakuja kufukia shimo?"

"Atashika koleo alichimbe!" mtu akapaza sauti, na kituo kizima kikaangua kicheko. Wagombea wakapeana mikono kama watu wanaoshikishwa samaki mbichi.

Jina lililotoka kofiani likawa la Fenstermacher. Kabla ya Krismasi taa ilikuwa inawaka darajani, na gazetini ikatoka picha ya Kreider na koleo, amenuna. Tessa alivuka barabara akiyapungia malori yaliyosimama, kama malkia.

Lowell ndiye aliyebaki na jina. Kwa kinyozi walimwita Bwana Homa. Uchaguzi mwingine ulipokaribia, Kreider alimletea soseji na Fenstermacher akamkwangulia theluji mlangoni. Kila mmoja alimwomba, tafadhali, safari hii asiugue mtu.

"Nitapiga kura," Lowell aliapa jioni ile, "hata mtoto awe na ndui."

Janelle ndiyo kwanza alikuwa amerudi matembezini. Aliketi, akavuta blanketi magotini, akaanza kushona kiraka cha buluu, na kingine cha buluu.

"Utapiga," alisema bila kuinua macho. "Kwenye nyumba ya akina Zook wamehamia Wabuluu, mtu na mkewe. Kwa hiyo wewe na Ione mtawapa Wekundu, zilingane tena." Akakata uzi kwa meno. "Safari hii tunataka maktaba ifunguliwe Jumamosi."