Kupe Hubebwa

Zeyana, mtafiti wa kupe, alisoma majibu ya maabara kwenye simu akiwa amesimama zizini kwa ami yake, kijijini Makurunge. Bakteria waliowaua ndama walikuwa chotara: baadhi ya vinasaba vyao vya bakteria wa ng'ombe, vingine vya bakteria wa nyati wa mbuga ya Saadani.

"Ami, umewachunga ng'ombe mbugani."

"Wallahi, hawajavuka mpaka!"

"Bakteria hawa huishi ndani ya seli. Hawachanganyi vinasaba mpaka wakutane kwenye seli moja. Hawa wa nyati wamefikaje hapa?"

"Si kupe hao wamewaleta."

"Kupe hatembei masafa hayo, ami. Hubebwa."

Mzee alimkagua kuanzia ushungi hadi viatu.

"Na wewe tangu masika, kila ukitoka kwa nyati wako, unapitia hapa kunywa chai."

"Nisipopita unanilaumu!"

"Nakulaumu, ndiyo. Lakini nani alikutuma uingie zizini?"

Zeyana alitaka kucheka. Leo pia alikuwa ametokea Saadani. Akatazama pindo la suruali yake. Kupe mdogo, mwekundu kama punje ya mtama, alikuwa akipanda taratibu, akitafuta ngozi.