Kiti cha Safu ya Tatu

Mafundi walipofika asubuhi kung'oa viti vya sinema ya mtaa, walimkuta Bi Mgeni, mfua nguo wa mtaa huo, ameshakaa safu ya tatu, mkoba mapajani.

"Mama, tunaomba utupishe," alisema Shaweji, msimamizi wao. "Jengo limeuzwa. Hapa panakuwa ghala la vigae."

"Mbona sisi hatukuulizwa?"

"Mwenye jengo anasema watu wa huku hawaangalii tena sinema."

"Hawaangalii?" Bi Mgeni alipandisha sauti. "Jumamosi tulijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni! Aje aniambie mimi huo uongo."

"Ipo nyingine mjini, mama. Ina viti laini na kiyoyozi."

"Kiingilio chake ni chakula changu cha siku nne. Nafua mashuka ya watu wiki nzima, mwanangu. Saa mbili tu za Jumamosi humu ndani ndizo zangu, na hizo nazo mnazitaka?"

Shaweji akawageukia mafundi. Akamwamuru fundi Kitwana afungue bolti za kiti kile hivyo hivyo, mama wa watu akiwa juu yake.

Kitwana akapiga magoti na spana yake. Mbele ya uso wake, miguu ya Bi Mgeni ilikuwa imeikanyaga sakafu kwa nguvu. Akaiweka spana chini. Kisha akainuka, akaketi kiti cha pembeni yake.

"Kitwana!" Shaweji alifoka.

Kitwana na Bi Mgeni waliukazia macho ukuta mweupe wa kuonyeshea filamu, na mlangoni majirani waliosikia kelele wakaanza kuingia, mmoja mmoja, wakitafuta pa kukaa.