Kikombe cha Tano

Siku ya sita, na ukuta ulikuwa bado haujafika nusu.

"Fundi," kinyozi aliita kutoka mlangoni, wembe mkononi, "huo ukuta unaupaka rangi au unaulea?"

Mteja kitini alicheka mpaka povu likamwingia puani. Fundi rangi, juu ya ngazi, hakugeuka hata. Brashi ilikuwa ukutani, lakini macho yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya mlango wa kijani.

Mtu huyu alijileta mwenyewe Jumatatu, akaomba kazi, akakubali bei ya kwanza bila kubisha. Hapo tu kinyozi angepaswa kushtuka. Ndevu zilimfunika uso hadi chini ya macho, na alipoambiwa akae anyolewe bure alijibu, "Ziache. Zina kazi yake."

Nyumba ile haikuwa na mwanamume. Tangu kinyozi ahamie mtaani mwaka jana, aliwaona wanne tu: bibi kizee, mkwewe, na watoto wawili. Watu wa salamu na tabasamu, basi.

Fundi aliposhuka kwenda bombani kuosha brashi, aliacha daftari dogo kwenye ngazi. Kinyozi si mtu wa kupekua vitu vya watu. Alilifungua tu.

Saa kumi na mbili na nusu. Mdogo anatafuta kiatu. Kila siku ni cha kushoto.

Saa moja. Mkubwa anafungwa kifungo cha shingo. Akifika kona anakifungua.

Saa nne. Bibi amebaki peke yake, anaota jua.

Jioni wanacheka. Wanacheka nini?

Kinyozi alishawahi kusikia habari za wezi wanaohesabu makufuli. Huyu alikuwa anahesabu vicheko. Akafunua ukurasa wa mwisho.

Watu wanne, vikombe vitano. Cha tano, kile cha dirishani, cha nani? Kama kuna mwanamume, siingii. Kama hakuna, Jumamosi. Jumamosi wote wapo.

Leo ilikuwa Jumamosi.

Alipoinua macho, bombani hapakuwa na mtu. Fundi alikuwa anavuka barabara, mkono mfukoni. Alipofika kwenye mlango wa kijani akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoa ufunguo. Ufunguo uliingia, ukazunguka kama uko kwao. Mlango ukafunguka, ukameza mtu, ukajirudisha.

"We! Unakwenda wapi?" mteja alipiga kelele. "Na shavu langu la pili je?"

"Lishikilie hapo hapo!"

Kinyozi alivuka barabara, wembe umefunguliwa. Ndani walikuwa wanacheka. Alisikia sauti ya mtoto mdogo, "Kipo chini ya bibi! Bibi kakikalia!" Kicheko kikapanda tena, kikajaa dirishani.

Halafu kikakatika, pu, kama redio iliyozimwa.

Kinyozi alisukuma mlango kwa bega.

Watoto walikuwa wamejibana nyuma ya mama yao, mdogo na kiatu kimoja mguuni. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Fundi alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi, rangi hadi kwenye nyusi.

"Usisogee!" kinyozi alisema, kwa sauti nyembamba kuliko aliyoikusudia.

Bibi peke yake alikuwa ameketi, karibu na dirisha linalotazama barabarani. Alikuwa anamimina chai kwenye kikombe cha tano, polepole, bila kumwaga tone.

"Kaa, mwanangu," alimwambia fundi, hata hakuinua macho. "Siku sita nakuwekea hapa dirishani ukione, ushuke. Siku sita chai inapoa, naimwaga."

Kisha akamgeukia kinyozi, akauangalia wembe.

"Na wewe jirani, kwa kuwa umekuja na chombo, mwondolee hizo ndevu. Hawa wawili miaka yote wananiuliza wamefanana na nani."